Nimejaribu kuvaa kwa kamera ya simu: miwani safi, viatu nusu nusu, gauni bado sana

Mi ni fundi cherehani, nina kibanda changu Sinza huu mwaka wa 12, kwa hiyo haya nayoandika ni ya mtu anayeshika kitambaa kila siku, sio ya mtu wa kompyuta. Naomba myapokee hivyo.

Mwezi uliopita alikuja mteja wangu, binti mdogo tu, dada yake ana sendofu. Akatoa simu akanipa, akasema, "Mama Nasra nataka hili hili kama lilivyo, usipunguze wala usiongeze." Nikaangalia. Kwenye picha ni yeye mwenyewe, sura yake, rasta zake, kasimama sebuleni kwao pazia linaonekana kwa nyuma, kavaa gauni refu la kijani limemwagika mpaka chini. Nikamwambia mbona limekukaa vizuri hivi, umelishonea wapi? Akasema, "Sijawahi kulivaa, ni apu imenivalisha."

Nikairudia ile picha, nikaikuza kwa vidole kipande kwa kipande kama nafanyaga nikiletewa mshono wa kuiga. Bega la kulia lina mshono, la kushoto halina kabisa, kitambaa kimetoka shingoni kikaenda zake mkononi bila kuunganishwa popote. Zipu hujui iko ubavuni au mgongoni, maana mgongo wenyewe haupo, imechorwa mbele tu. Pale tumboni ambapo nguo yoyote ya kubana lazima ivutane kidogo, pamenyooka utadhani pamepigwa pasi akiwa ndani. Halafu kiuno. Nikachukua futi nikampima: kifua 36, kiuno 33, hipsi 42. Yule wa kwenye picha kwa macho yangu ya kazi kiuno hakizidi 28. Yaani imemvisha gauni na imempunguza mwili humo humo, bila kumwambia.

Na kitambaa alichokuja nacho ni kitenge, sare ya familia, kamati imeshagawa. Picha ni satini. Hapa wenzangu mafundi mtanielewa. Satini ina kuteremka kwake, ukiiachia inamwagika yenyewe inafuata mwili, kitenge ni pamba, kikiwa kipya kinasimama, ukikikatia mkato ule ule wa satini kinakutoka pembeni kama turubai. Hayo apu haiyajui. Yenyewe inajua rangi na umbo, haijui uzito.

Sikumkatalia, nilimwambia mdogo wangu niachie hiyo picha na kitambaa, rudi baada ya wiki. Ila moyoni ikanikaa, kwa sababu huyu sio wa kwanza, ni wa tatu mwaka huu kuja na picha ya yeye mwenyewe amevaa kitu ambacho hakipo. Nikasema ngoja niijaribu hii teknolojia mwenyewe, kila kitu, miwani, viatu, lipstiki, nguo. Nikamchukua binti wa dada yangu anisaidie maana yeye ana iPhone mi natumia Android ya kawaida tu, tukakaa nayo wiki mbili.

Kwa ambao hamjui tunaongelea nini, hii ndo wanaita AR, wengine wanaandika uhalisia ulioongezwa. Kwa lugha nyepesi ni ile kamera inakuona wewe af inakuongezea kitu juu yako, na ukigeuka nacho kinageuka. Mnazikumbuka filta za Snapchat za masikio ya mbwa? Snapchat walizianzisha hizo filta za uso mwaka 2015 baada ya kununua kampuni moja ya Ukraine inaitwa Looksery, sisi tulikuwa tunachekea tu, kumbe kazi ni ile ile, simu inatafuta macho yako yako wapi, pua iko wapi, kidevu kinaishia wapi, ikishajua inabandika. Badala ya masikio ya mbwa ukiweka miwani tayari una duka.

Nianze na miwani basi maana ndo imenifurahisha kuliko vyote.

Tulikaa dirishani asubuhi, mwanga unaingia vizuri. Fremu inakuja usoni hapo hapo, ukiinamisha kichwa inainama, ukigeuka kulia unaona na mkono wa miwani unaenda kwa nyuma. Nilijaribu fremu kama 20 kwa robo saa, za duara, za pembe nne, zile za juu pana za kibibi, nikajua kabisa kwamba za duara hazinifai, uso wangu wenyewe ni duara zinanijaza. Dukani usingeweza, ukishajaribu ya sita tu muuzaji anaanza kukuangalia vibaya, na wewe mwenyewe bila miwani yako ya macho hujioni vizuri kwenye kioo, jambo ambalo watu wa miwani tunalijua na hatulisemi. Kwenye simu unabaki na picha, unavaa miwani yako ya zamani unajiangalia vizuri. Hii peke yake kwangu ni sababu tosha.

Kuna apu moja iliniambia nichukue kadi ya benki niiweke kwenye paji la uso. Nilishangaa, nikadhani wanataka namba za kadi. Kumbe kadi zote za benki duniani zina upana mmoja, milimita 85.6, kwa hiyo kamera ikiiona kadi inaitumia kama rula kujua uso wako una upana gani kweli kweli, na kutoka jicho moja mpaka jingine ni milimita ngapi. (Igeuzeni upande wa nyuma lakini, ule wenye mstari wa sumaku, na sehemu yenye namba ifunikeni kwa kidole.) iPhone ya yule binti wa dada yangu haikuhitaji hiyo kadi. Tangu iPhone X ya 2017 kamera ya mbele inarusha vidoa zaidi ya 30,000 vya mwanga usioonekana kwa macho, ndo inapima umbali wa kila sehemu ya uso. Warby Parker wale wa miwani wa Marekani walianza na simu hizo hizo mwaka 2019, na kabla ya hapo walikuwa wanakutumia fremu tano nyumbani bure uzivae siku tano urudishe. Simu zetu nyingi huku hazina hivyo vidoa, zinakisia tu, kwa hiyo ukiona miwani inaonekana kubwa kama ya mchomeleaji usiikimbie fremu, huenda simu imekosea kipimo.

Nikaenda mjini kwenye duka la miwani nikatafuta fremu inayofanana na niliyoipenda. Nikavaa. Jamani ilikuwa ile ile, umbo lile lile, nyusi zinaonekana vile vile. Kilichotofautiana ni pua. Pua yangu ni fupi na pana, fremu ikawa inateleza kila nikiinama, na mi kazi yangu ni kuinamia cherehani kutwa. Simu haikunionyesha kuteleza kwa sababu kwenye simu miwani haina uzito. Nyingine ni mtandio. Nikiwa nimejifunga mtandio mkono wa miwani ulikuwa unapita juu ya kitambaa unaelea, wakati kila anayevaa mtandio anajua unaingia kwa ndani. Waliotengeneza naona hawakumfikiria mwanamke aliyejifunika, na sisi ni wengi na tunanunua. Hata hivyo kwa miwani nawapa 8 kwa 10, ila macho mkapimwe, apu haipimi macho.

Viatu. Unaelekeza kamera miguuni, kiatu kinakuja juu ya mguu wako, unatembea nacho. Gucci walikuwa nayo mwaka 2019 kwa raba zao, Amazon wakaileta 2022 Marekani na Kanada. Inapendeza kweli, na kama tatizo lako ni rangi, yaani hii nyeupe itaendana na suruali zangu au nichukue ya kahawia, inakujibu vizuri. Nikiwa na dera refu ikapotea kabisa, kiatu kikawa kinarukia kwenye pindo la nguo, ilibidi nipandishe dera mpaka magotini.

Ila sasa shida ya kiatu lini imekuwa rangi? Shida ya kiatu ni kinabana. Mi nilishaagiza viatu kwa muuzaji mmoja wa onlaini, nilishavijaribu kwa kamera vikanikaa kama vimeumbwa na mimi, nikalipa kwa simu, boda akaleta, saizi 40 imeandikwa 40 na mguu hauingii. Kidole gumba kimekunjika. Nikampigia, akasema dada yangu mali ikiuzwa hairudishwi. Vipo uvunguni mpaka leo. Kamera ilikivalisha kiatu mguu wangu kwa sababu kamera inanyoosha kiatu mpaka kienee, haiwezi kukwambia hiki hakikutoshi, saizi yoyote uliyonayo kitakaa tu. Hapo ndo watu wanaumia na naomba mnielewe vizuri hapa: kuona kiatu mguuni na kujua kama kinakutosha ni vitu viwili tofauti. Nike mwaka huo huo wa 2019 walitoa kitu kingine wakakiita Nike Fit, hicho hakikukuvisha chochote, kilikuwa kinapima mguu wako kwa kamera, sehemu 13, af kinakwambia kwenye raba hii chukua saizi fulani na kwenye ile chukua nyingine. Hakina mbwembwe, lakini hicho ndo cha kuombea kije kwa wauzaji wetu. Ningekuwa nacho vile viatu visingekuwa uvunguni.

Lipstiki sitakaa sana. Huko ndo wameenda mbali kuliko kote, L'Oréal walinunua kampuni nzima ya Kanada ya ModiFace mwaka 2018 kwa ajili hiyo tu, na YouCam Makeup ipo tangu 2014 wengi wenu mnayo. Inakaa mdomoni hata ukiongea. Tahadhari yangu moja kwa wenzangu weusi, midomo yetu mingi ina rangi yake, wangu juu ni mweusi na chini una wekundu, na lipstiki ya kweli inachanganyika na rangi ya chini yake, ya kwenye simu inafunika kama rangi ya ukuta. Jaribu dirishani mchana, usiku chini ya taa ya umeme usijaribu kabisa.

Sasa nguo, ambako ndo kwangu.

Watu wanadhani ni kitu cha jana. Topshop ya Moscow mwaka 2011 waliweka kioo chenye kamera, unasimama mbele yake gauni linakuja juu yako. Gauni lilikuwa linaelea mbele ya mtu kama nguo iliyoanikwa. Toka hapo mpaka leo hangaiko ni lile lile, fremu ya miwani ni ngumu haikunjiki, kiatu ni kigumu hakikunjiki, lakini nguo inaishi kwa kukunjika. Ukikaa inafanya hivi, ukinyanyua mkono inapanda, ukipumua inavutana. Ndo maana wakubwa wameacha kubandika wakaanza kuchora. Google mwaka 2023 walitoa ya kwao Marekani ikachukua nguo moja ikaonyesha kwa wanawake tofauti tofauti kuanzia saizi XXS mpaka 4XL, wembamba, wanene, weusi, weupe, na hiyo mi niliipenda sana wazo lake, kwa sababu unatafuta mwenye mwili kama wako unaangalia inamkaaje. Mwaka 2025 wakaruhusu uweke picha yako mwenyewe. Hapo sio kamera tena inayokufuata, ni akili mnemba inatengeneza picha mpya kabisa ambayo wewe upo ndani. Na apu ndogo ndogo zikajaa za kufanya hivyo hivyo, ikiwemo hiyo aliyotumia mteja wangu.

Nilijaribu tatu. Picha zinatoka nzuri, sitawadanganya, kitambaa kina kivuli, kina mikunjo. Ila kila niliyoipima kwa jicho la fundi niliikuta inakosea sehemu zile zile: kwapa, bega, kiuno, makalio. Yaani pale pale ambapo nguo huwa inakataa. Na zote tatu ziliniremba. Mi ni mtu wa hipsi 46 nimezaa watoto wanne, kwenye zile picha sikujiona mimi, nilimuona mdogo wangu wa mwisho. Binti wa dada yangu akafurahi akasema mamdogo umependeza, nikamwambia huyo sio mimi mwanangu, na gauni atakalonunua huyo wa kwenye picha nitakuja kulivaa mimi. Kwa duka ni sawa, picha nzuri inauza. Kwa mnunuzi sio sawa hata kidogo.

Halafu fikirini hii kitu ilianzishwa kwa sababu gani. Kule Marekani mtu ananunua nguo saizi tatu, anavaa nyumbani, anarudisha mbili. Chama cha wauzaji wa rejareja cha kule, National Retail Federation, kilisema mwaka 2022 bidhaa zilizorudishwa madukani zilifika dola bilioni 816, asilimia 16.5 ya mauzo yote. Hizo hela ndo zinawaumiza wenye maduka, ndo maana wanatafuta chochote kitakachopunguza kurudisha. Huko apu ikikosea hasara ni ya duka. Huku kwetu kwenye risiti pameandikwa kabisa mali ikiuzwa hairudishwi, apu ikikosea hasara ni yako wewe na elfu 65 zako. Teknolojia ni moja ila anayebeba mzigo sio mmoja. Wauzaji wa Instagram mnaoanza kuweka hizi filta, na nimeona mmeanza, wekeni na vipimo vya nguo kwa inchi, kifua, kiuno, hipsi, urefu, futi mnazo. Andikeni kitambaa kinavutika au hakivutiki. Hiyo mistari mitano itamsaidia dada aliyeko Singida au Mtwara kuliko picha yoyote.

Kuna moja nilisoma habari zake ikanikaa mpaka leo. Uniqlo, wale Wajapani, mwaka 2012 kwenye duka lao la San Francisco waliweka kioo, unavaa koti la kweli, la kwao, mwilini, unasimama mbele ya kioo, kioo kinabadilisha rangi tu. Umevaa jekundu unajiona na la bluu, unajiona na la kijani. Koti lenyewe limekukaa kweli, bega unalisikia, zipu umeifunga mwenyewe, kilichoongezwa ni rangi peke yake. Huyu aliyebuni hii anajua nguo. Aliacha kwa mwili kile ambacho mwili peke yake ndo unakijua. Ingekuja ya vitenge ya namna hiyo, mtu amevaa gauni la sampuli hapa kibandani af kwenye simu anabadilisha maua, ningeinunua kesho. Nusu ya muda wangu na wateja inaishia kwenye maua, mtu kashikilia kitambaa begani mbele ya kioo anauliza hiki au kile, na kila kipande ukikifungua inabidi ukikunje tena.

La mwisho ni picha zenyewe. Hizi apu za nguo zinataka picha nzima, kuanzia kichwani mpaka miguuni, na nyingine zinakwambia vaa nguo ya kubana ili ione umbo. Dada zangu hiyo picha inaondoka kwenye simu yako inaenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua. Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Kenya wanayo ya kwao ya 2019, lakini apu ambayo hata ofisi yake huijui iko nchi gani utaishitakia wapi. Kule Marekani, jimbo la Illinois, wana sheria tangu 2008 kwamba kampuni haichukui vipimo vya uso wako bila kukuomba kwa maandishi, na watu wameshaenda mahakamani hata kwa hizi hizi za kujaribu miwani. Mi picha ya mwili mzima niliyotumia nilivaa dera, na nilikata sura. Yule binti wa dada yangu nilimkatalia kabisa kuweka yake.

Sasa turudi kwa yule mteja wa sendofu maana alirudi.

Nilichofanya nilichukua kutoka kwenye picha shingo na mikono, hivyo vilikuwa vizuri kweli na vinamfaa. Sketi nikaikata upya, nikaipa upana kuanzia magotini kwenda chini ili kule kusimama kwa kitenge kuwe ndo uzuri wake, na kiunoni nikashona kwa 33 yake, na bitana ndani. Akaja kufiti Jumatano jioni. Akavaa, akatoka nyuma ya pazia, akajiangalia kwenye kioo mbele, akageuka akaangalia mgongo, akakaa kwenye stuli akasimama. Akatoa simu akajipiga picha, akaiweka pembeni ya ile nyingine. Alikaa kimya kidogo, mi nimeshika chaki nasubiri. Akasema, "Hili linapumua Mama Nasra. Ila bega la kushoto naomba likae juu kidogo kama la kwenye picha." Nikaangalia, kweli lilikuwa limeshuka, nikamwambia simama hivyo hivyo usijitikise, nikapiga chaki nusu inchi, nikafungua mshono.